Safu ya Arubaini na Moja

Nilijifunza kuiamuru mashine ambayo sikuwahi kuiona. Mashine ilikuwa Dar es Salaam, ndani ya chumba tulichoambiwa kina ubaridi wa kuvalia sweta, na sisi tulikuwa Unguja, ghorofa ya pili ya nyumba kongwe nyuma ya bandari, madirisha wazi, karatasi zimekandamizwa kwa mawe zisipeperuke. Maagizo tuliyaandika kwa penseli, tukayatoboa kwenye kadi, kadi tukazipanga ndani ya masanduku ya bati, na masanduku yakapakiwa melini. Jibu lilirudi baada ya wiki mbili, ukiwa na bahati. Ukikosea herufi moja, jibu ni kwamba umekosea herufi moja, na wiki mbili zako zimekwenda.

Niliingia kazini mwaka wa sitini na nane, nikiwa na miaka kumi na minane. Miaka minne kabla ya hapo baba yangu alikuwa mwalimu mkuu wa skuli moja ya mjini. Mapinduzi yalipopita hakuna aliyemgusa, wala nyumba yetu ya Malindi hakuna aliyeiingia. Lakini babu yangu alizaliwa Ngazija, na watu wa asili hiyo wakaanza kuulizwa maswali yasiyokuwa na jibu zuri. Baba akateremshwa kuwa mwalimu wa kawaida, kisha akaondolewa darasani kabisa, akawekwa kwenye stoo ya vitabu kuhesabu chaki na kufukuza mchwa. Nyumbani hakulalamika. Alichofanya ni kutukalisha mezani kila baada ya sala ya alasiri, mimi na mdogo wangu, binti zake wawili, akatufundisha hesabu kwa ukali ambao zamani hakuwa nao.

Basi ofisi moja ya serikali ilipofanya mtihani wa kutafuta vijana wa kutoboa kadi, nilitoka wa kwanza. Hawakuniuliza habari za babu. Ilikuwa kazi ya vidole tu, na kazi ya vidole haikuwa na mwenye kuigombania.

Tulikuwa sita. Mwalimu wetu alikuwa mtaalamu kutoka nchi moja ya Ulaya ya Mashariki, mtu mrefu, mwenye soksi ndani ya makubadhi, aliyejifunza Kiswahili kwao kwa vitabu. Alisema Kiswahili kilichonyooka mno, kila sentensi imepigwa pasi. Siku ya kwanza tulimwamkia, akaitikia marahaba kwa makini kama anayetia saini, kisha akasema, "Tafadhali, muwe wajinga."

Tulitazamana. Akaeleza kuwa mashine haijui lolote. Haijui kwamba baada ya Ijumaa ni Jumamosi. Haijui ulichokusudia, inajua ulichoandika. Anayetaka kuifundisha lazima kwanza ajivue akili yake mwenyewe, aone hatua zote anazoziruka bila ya kujijua.

Zoezi letu la kwanza halikuwa la hesabu. Kila mmoja aandike njia ya kutoka mlango wa ofisi mpaka sokoni Darajani, hatua kwa hatua, na mwenzake aifuate bila kuuliza mtu na bila kutumia anachokijua. Mwenzangu alikuwa mwanamke wa Tumbatu, mkubwa kwangu kwa miaka minne mitano, aliyeachwa na mumewe na mtoto mchanga. Alikuwa akikaa kwa shangazi yake Ng'ambo, na vichochoro vya mjini alikuwa bado hajavizoea. Nilimwandikia kwa madaha. Mimi mtoto wa mji, njia ile naipita nimefumba macho. Agizo langu la nne lilisema apinde kulia penye mlango wa misumari ya shaba.

Alirudi baada ya saa mbili. Milango ya misumari aliikuta mitano kabla ya ule nilioukusudia mimi. Alipinda kwenye wa kwanza, kama nilivyomwandikia, akafuata hatua zilizobaki moja baada ya moja, na zikamwingiza kwenye ua wa watu waliokuwa wanachagua mchele kwa ajili ya hitima. Walimkaribisha, wakampa ungo, naye akaona haya kukataa. Darasa zima tulicheka. Mwalimu alicheka pia, kisha akaichukua karatasi yangu, akaiandikia kwa rangi nyekundu: *Mwandishi alikuwa na akili. Anza tena.*

Sijui kwa nini maneno yale yalinifurahisha. Nafikiri ni kwa sababu nilikuwa nimezoea kuambiwa nimekosea kwa mambo nisiyoweza kuyarekebisha, na hili lilikuwa kosa langu mwenyewe, la halali, lenye dawa. Niliandika upya mara sita. Mara ya sita yule mwenzangu alifika sokoni akarudi na ndimu mbili kama ushahidi.

Programu yangu ya kwanza ya kweli ilikuwa ya kupanga majina ya wanafunzi wa skuli moja ya shamba. Wakati ule mwalimu alikuwa bado anaturuhusu kutumia amri ya kuruka: ukifika hapa, ruka mpaka hatua ya ishirini, ukifika ishirini na tano, ruka urudi ya kumi. Niliipenda amri ile. Kila nikikwama, naruka. Nilichora mishale juu ya mishale mpaka karatasi ikawa kama kapu la mtu aliyejifunza ukili jana. Kadi zikapelekwa. Baada ya wiki tatu zikarudi pamoja na barua kutoka kwa wenye mashine, imeandikwa kwa hasira ya kistaarabu. Programu yangu ilikuwa imezunguka mahali pamoja bila kutoka, mpaka wakaizima kwa mkono. Wakatuomba tusiwapotezee wakati.

Mwalimu hakunigombeza. Alikwenda ubaoni akachora vyumba vitatu. Alisema kwao sasa kuna mabishano makubwa, wataalamu wengine wanataka amri ya kuruka iachwe, na yeye amesoma, amefikiri, na amekubali. Tangu leo darasani haimo. Kazi yoyote duniani, alisema, inaweza kujengwa kwa vyumba hivi vitatu. Cha kwanza: fanya hili, kisha lile. Cha pili: ikiwa hali ni hii, fanya hili, vyenginevyo, fanya lile. Cha tatu: rudia, mpaka hali ibadilike. Kila chumba kina mlango mmoja wa kuingilia na mmoja wa kutokea. Vyumba vinaweza kuwekwa ndani ya vyumba, lakini hakuna kutokea dirishani.

Lugha ya mashine ilikuwa na maneno ya Kiingereza, lakini yeye alitaka tufikiri kwa Kiswahili kwanza, tutafsiri mwisho. Chumba cha pili tulikubaliana haraka: IKIWA, BASI, VYENGINEVYO. Cha tatu kilitusumbua. Mmoja alisema "wakati", mwengine "mpaka". Mimi nikasema "maadamu". Maadamu kadi zipo, soma kadi. Mwalimu alilitamka mara mbili tatu, akaangalia kamusi yake, akaliandika ubaoni kwa herufi kubwa, na tangu siku ile likawa ndilo neno la darasa letu.

Nilikwenda nyumbani nikiwa na furaha ambayo sikuwa na pa kuiweka. Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi wakati huo. Nikamwonesha. Mwalimu alitufundisha kuijaribu programu kwa penseli kabla ya kuituma: unachora visanduku, unaviandikia thamani, unazifuata hatua moja moja, na kila hatua inapobadilisha kitu unafuta na kuandika upya. Mdogo wangu akawa ndiye mashine. Alikaa juu ya mkeka na vikaratasi vyake, nikimsomea hatua, akifuta na kuandika, na pale nilipokosea alininyooshea kidole bila kusema neno. Alikuwa mwepesi kuliko watu wazima watano niliokaa nao ofisini. Baba alikuwa akisikiliza kutoka kitini kwake. Siku moja akasema kuwa ameifurahia kazi yangu, kwa sababu hatimaye kuna kitu nchini kisichouliza mtu ni nani. "Mashine haina jamaa," alisema. "Haina wa kumpendelea."

Baada ya miaka miwili mkataba wa mwalimu ulikwisha. Serikali ya kwao na ya kwetu hazikuelewana juu ya jambo fulani, sisi hatukuambiwa lipi, na wenzake wengi waliondoka wakati huohuo. Alituaga mmoja mmoja kwa mkono. Kati ya wale sita, wawili walikuwa wamehamishwa, mmoja ameolewa Pemba, na mmoja hakuwahi kutoka kwenye amri ya kuruka. Tulibaki mimi na yule mwanamke wa Tumbatu. Mimi niliandika programu na kutoboa. Yeye alihakiki: kila kadi niliyoitoboa, aliipitisha kwenye mashine ya pili, akaipiga upya kutoka kwenye fomu ileile, na pale vidole vyetu vilipotofautiana taa nyekundu iliwaka. Alikuwa mzito wa mkono lakini hakukosea. Mchana tulikula pamoja, mwanawe mdogo akilala kwenye kanga iliyotandikwa chini ya meza.

Mwaka wa sabini na moja mkuu wa ofisi aliniita. Alikuwa mtu mpole, msafi, ambaye hajawahi kunipandishia sauti. Akasema kazi ya kuwapanga watoto waliofanya mtihani wa kuingia sekondari, iliyokuwa ikifanywa kwa mkono na watu kumi, mwaka huu itafanywa na mashine, na mimi ndiye nitakayeiandika. Nilishukuru. Kwa muda wa wiki nzima nilitembea kwenye vichochoro kama mtu aliyevishwa nishani.

Programu ilikuwa nzuri. Naweza kulisema hilo mpaka leo. Ilipanga alama kutoka juu kwenda chini, kisha: MAADAMU nafasi zipo na watoto wapo, mchukue anayefuata. Kurasa mbili tu. Haikuwa na mshale hata mmoja uliokata mwengine.

Baadaye mkuu wa ofisi akaja mezani kwangu na karatasi iliyopigwa taipu. Fomu za mtihani zilikuwa na kipengele cha asili ya mtoto, na kila asili ilikuwa na namba yake, moja mpaka nne. Tulikuwa tukikitoboa siku zote kwenye safu ya arubaini na moja ya kadi, kwa vile fomu ilikiuliza, na hakuna programu yangu iliyowahi kukisoma. Sasa karatasi ilisema nafasi zigawanywe kwanza kwa mafungu hayo, kila fungu na idadi yake, na alama ziangaliwe ndani ya fungu. Alieleza kuwa zamani wapo waliosomeshwa na wapo waliosahauliwa, na hili ni la kusawazisha. Hakusema uongo. Nilizijua skuli za shamba; nilikuwa nimetoboa majina ya watoto wake. Karatasi ilipendekeza kadi zitenganishwe kwa mkono, zipelekwe mara nne.

"Inawezekana?" aliniuliza.

"Inawezekana," nikasema. "Na hakuna haja ya kwenda mara nne. Itafanya yote kwa mara moja."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nililijibu swali lile namna ile. Hakuniuliza kama ni haki. Aliniuliza kama inawezekana, na mimi nilikuwa nimefundishwa vizuri. Kichwani niliiona mara moja: IKIWA ndani ya MAADAMU, chumba ndani ya chumba. Niliona jinsi itakavyokuwa fupi. Nilikuwa nshachukua penseli kabla hajafika mlangoni.

Jioni ile tu ndipo nilipoketi kitandani nikakumbuka kwamba mdogo wangu naye alikuwa amefanya mtihani.

Fomu zilipofika nikaitafuta yake. Alama zake zilikuwa za juu sana, na chini, kwa mwandiko wa mwalimu wake, asili: tatu, namba ya watu wa Ngazija. Nikachukua fomu zote za fungu la tatu nikazipanga juu ya meza. Nafasi tulizopewa zilikuwa tano, na yeye alikuwa wa saba. Nikachora visanduku kama tulivyofundishwa. Nikaipitisha kadi yake kwa penseli, hatua kwa hatua. Soma kadi. Ikiwa safu ya arubaini na moja ni tatu, basi nenda kwenye hesabu ya tatu. Ikiwa hesabu ya tatu haijajaa. Imejaa. Kadi inayofuata. Nilirudia, nikitumaini nimekosea. Sikukosea. Kisha nikaijaribu na tundu la namba moja badala ya tatu, na mdogo wangu akapita akiwa miongoni mwa wa mwanzo kabisa.

Tundu moja. Lingekuwa juu kidogo ya pale lilipotakiwa kuwa, upana wa punje mbili za mchele.

Nilingoja mpaka mwenzangu alipokwenda kumlisha mtoto. Nikatoboa penye namba moja. Nikaiweka kadi katikati ya nyingine, nikasogeza rundo lote mezani kwake, nikaenda kusimama dirishani. Nilijua ataipiga upya kutoka kwenye fomu. Nilijua taa itawaka. Lakini nilijiambia kwamba akiona jina na ubini wa mtoto ataelewa, kwa sababu alimjua mdogo wangu, alikuwa amekula kwetu Idi mbili, na mdogo wangu alimbebea mwanawe. Alipiga kadi zake mchana kutwa. Hakuniita, hakuniuliza kitu. Alipomaliza alifunga sanduku, akaniaga kama kila siku. Nikaamini kwamba amenisitiri.

Masanduku yakaenda. Orodha ilirudi baada ya wiki tatu, karatasi ndefu zilizoungana, na safari hii hapakuwa na barua ya hasira. Mashine ilikuwa imeifanya kazi yote bila kosa. Mkuu wa ofisi alinipongeza mbele ya watu. Nikaikunjua orodha juu ya meza, nikashuka na kidole mpaka mwisho, nikapanda tena. Mdogo wangu hakuwamo.

Nilikwenda kwenye masanduku ya kadi yaliyorudi pamoja na orodha nikaitafuta yake. Niliipata. Ilikuwa mpya, kingo zake kali, na tundu la safu ya arubaini na moja lilikuwa penye tatu. Kadi zangu mimi nilizijua. Nilikuwa nazipindua pembe kidogo kwa kidole gumba. Hii haikuwa yangu.

Mwenzangu alikuwa amekaa akinitazama. Ofisini tulikuwa wawili tu, na mtoto amelala.

"Ulitoboa nyengine," nikamwambia.

"Naam."

"Hukuniambia."

"Ningekwambia, ungenilazimisha niiache. Wangekuja kuzilinganisha na fomu, wangetufunga sote wawili. Na huyu hapa angelelewa na nani?"

Nikamwambia maneno ambayo sitayaandika. Nilimwambia kuhusu chakula cha nyumbani kwetu alichokula. Nilipomaliza akaivuta orodha, akaweka kidole kwenye jina la mwisho la fungu la kwanza. Mtoto wa kike, wa skuli moja ya kaskazini ya kisiwa.

"Huyu ndiye angetoka," alisema. "Nafasi hazizai, mdogo wangu. Ulimwangalia huyu?"

Sikuwa nimemwangalia. Nilikuwa nimeipitisha kadi ya mdogo wangu peke yake, mara mbili, kwa penseli, na sikuifuata hesabu mpaka mwisho kuona inamtupa nani. Katika programu yoyote nyingine ningeifuata. Lakini siku ile sikuwa tayari kuona haki, na ukweli ni kwamba mpaka leo naona kuwa wale wawili, yule wa kaskazini na wa kwetu, wote walistahili dawati, na aliyewaweka wagombanie kiti kimoja hakuwa mwenzangu wala mimi. Hilo halikunizuia kumchukia. Tulifanya kazi chumba kimoja miaka miwili zaidi bila kula pamoja. Mtoto wake alikuwa anakuja kunishika buibui, nami nikimrudisha kwa mama yake.

Orodha ilibandikwa ukutani. Mdogo wangu alikwenda kuisoma na wenzake. Alirudi, akavua viatu, akaviweka sawasawa mlangoni, akapita moja kwa moja chumbani. Mama alimfuata. Baba alibaki kitini. Kisha akaniuliza nani kaipanga orodha ile mwaka huu, kwa sababu anaona majina ya watoto anaowajua ambao darasani hawakuwahi kumfikia kwa alama.

"Mashine," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole. Akasema basi huenda mtoto hakufanya vizuri kama tulivyodhani, huenda siku ile alikuwa na homa na hakusema. Akamwita, akamuuliza kama alikuwa na homa. Mdogo wangu akasema hapana, alikuwa mzima. Baba akasema mashine haiwezi kukosea bila sababu. Tangu siku ile akaacha kumfundisha. Hakumgombeza wala hakumnyanyasa. Aliacha tu, kama mtu aliyegundua kuwa alihesabu vibaya tangu mwanzo. Neno moja kutoka kwangu lingemwondolea mtoto yule aibu, na lingemwonesha baba kwamba binti yake mkubwa ndiye aliyeijenga njia ile, chumba kwa chumba. Sikulisema. Baba alifariki akiamini kuwa mwanawe mdogo alishindwa mtihani.

Mdogo wangu alijifunza cherehani kwa mwanamke mmoja Kikwajuni. Alishona vizuri. Alipotimiza miaka kumi na sita alichumbiwa na jamaa wa mama aliyekuwa Mombasa, na hakupinga. Siku chache kabla ya kuondoka tulikuwa tunakunja nguo zake, mimi na yeye, na nikashindwa kuendelea kunyamaza. Nikamweleza yote: karatasi ya mkuu wa ofisi, safu ya arubaini na moja, mafungu, hesabu za kila fungu. Nilimweleza kwa maneno yaleyale ya zamani. Sikuhitaji kumfafanulia, alikuwa ananifuata kwa macho, na niliona anavyovijaza visanduku kichwani mwake, akifuta na kuandika. Nikamweleza na tundu nililotoboa na lililobadilishwa. Alifika mwisho wa programu kabla yangu.

"Ulijua kabla hujaiandika?" aliniuliza.

"Sikufikiri."

"Na ulipokwisha kuiandika?"

"Nilijua."

"Ukaipeleka."

"Nikaipeleka."

Alichukua kanga iliyobaki, akaikunja mara mbili, akailaza juu ya nyingine. Akaniuliza kama pasi bado ina moto. Nikasema ina moto. Akaenda kuichukua mwenyewe.

Ananiandikia kila Idi. Anauliza afya, anataja watoto wake, anasalimia majirani. Yule mwanamke wa Tumbatu aliacha kazi akarudi kwao, na siku ya mwisho alikuja kunipa mkono, nami nikampa wangu. Mkono wake ulikuwa mkavu, wangu ulikuwa na jasho.

Mwaka uliofuata mtihani ule, mkuu wa ofisi alikuja mezani kwangu na karatasi nyingine ya taipu. Idadi za mafungu zilikuwa zimebadilika kidogo. Aliniuliza kama itanichukua muda mrefu. Nikamwambia hapana, programu imejengwa vizuri, ni kubadilisha kadi nne tu. Nikazitoboa mbele yake, kasimama, ananisubiri. Haikufika hata robo saa.